Kugundua, Kuvumbua na Kubuni: Istilahi za Kumtambua Mtafiti wa Dawa

Mfasiri anapokabidhiwa wasifu wa mwanasayansi ili auweke katika Kiswahili, aghalabu huhangaishwa na majina ya kemikali na ya magonjwa. Kwa kweli majina hayo si magumu sana, kwani yaweza kutoholewa, na msomaji asiyeyafahamu ataendelea kusoma bila ya kupotoshwa. Ugumu wenyewe umejificha katika vitenzi. Kitenzi ndicho kimwambiacho msomaji nani alifanya nini. Kwa hiyo kitenzi ndicho kigawacho sifa. Mfasiri akichagua kitenzi kisichofaa, huenda akampa mtu sifa asiyostahili, au akamnyang'anya iliyo yake.

Katika makala haya tunakusudia kulieleza tatizo hilo kwa kutumia mfano wa Profesa Tu Youyou wa China. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, kazi yake imeingia katika nyumba zetu wenyewe, kwani ndiyo chimbuko la dawa mseto ya malaria. Pili, kwa muda wa zaidi ya miaka 30 ulimwengu haukujua kwa hakika ni sifa gani apewe, na chanzo kimojawapo cha giza hilo kilikuwa namna kazi yake ilivyoandikwa.

1. Mtu na Cheo Chake

Tu Youyou alizaliwa Ningbo mwaka 1930. Alisomea famasia mjini Beijing kuanzia 1951 hadi 1955, kisha akaajiriwa katika chuo cha utafiti wa tiba ya jadi ya Kichina katika mji huohuo. Hakupata shahada ya uzamivu, hakusomea ng'ambo, wala hakuwa mwanachama wa Chuo cha Sayansi cha China. Kwa sababu hiyo wenzake nchini mwake walimpa lakabu ya mwanasayansi wa "bila" tatu.

Hapa mfasiri hukutana na mtego wa kwanza. Katika Kiswahili imezoeleka kumwita kila bingwa wa mambo ya dawa "Dakta" au "daktari". Lakini "Dakta" ni cheo cha mwenye shahada ya uzamivu, na "daktari" ni mtu aliyesomea utabibu na anayetibu wagonjwa. Tu Youyou si mmoja wa hao wala wa hawa. Cheo chake ni Profesa. Kumwongezea cheo asichonacho si kumheshimu. Ni kuificha sehemu ya ajabu ya maisha yake, yaani kwamba alifika alikofika bila ya shahada hiyo.

Mtego wa pili umo katika neno "dawa". Neno hili ni pana mno. Tuna dawa ya homa, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya wadudu, hata dawa ya mapenzi. Kwa hiyo "mtafiti wa dawa" ni maelezo yasiyotosha. Mfamasia hutayarisha dawa na kuitoa kwa kipimo. Mtaalamu wa famakolojia huchunguza dawa huufanya nini mwili, na mwili nao huifanya nini dawa. Mkemia huchunguza dutu zilizomo ndani yake na namna zilivyoundwa. Tu Youyou alifunzwa ufamasia, akaongoza kazi iliyounganisha kemia ya mitishamba na majaribio ya kifamakolojia. Yafaa maelezo hayo yaandikwe kwa ukamilifu, japo yatachukua mstari mzima.

2. Kazi Yenyewe

Hapana budi kuijua kazi kabla ya kuichagulia kitenzi. Tarehe 23 Mei 1967 serikali ya China ilianzisha mpango wa siri wa kutafuta dawa mpya ya malaria, uliopewa jina la Mradi 523 kutokana na tarehe hiyo. Vita vya Vietnam vilikuwa vikiendelea, na vimelea vya malaria katika eneo hilo vilikuwa vimejenga usugu dhidi ya klorokwini. Mwaka 1969 Tu Youyou aliteuliwa kuongoza kikundi cha watafiti katika chuo chake.

Kikundi hicho kilikusanya maelekezo zaidi ya 2,000 ya tiba za jadi, kikachambua 640 na kuyaweka katika kijitabu. Kisha kilijaribu kwa panya viini zaidi ya 380 vilivyotolewa katika mitishamba ipatayo 200. Mmoja wa mitishamba hiyo ulikuwa qinghao, ambao kwa jina la kisayansi ni Artemisia annua. Mmea huu ni wa jamii ya pakanga, jina ambalo wasomaji wa Biblia ya Kiswahili watalikumbuka kutoka katika kitabu cha Ufunuo. Hapo mwanzo pakanga hiyo ilionyesha dalili njema, lakini majaribio yaliporudiwa nguvu yake haikuonekana tena.

Tu Youyou akarudi kwenye maandishi ya kale. Katika kitabu cha tabibu Ge Hong, cha karne ya 4, aliona kwamba mgonjwa wa homa za vipindi aliagizwa kuloweka qinghao katika maji, kuukamua, na kunywa maji yake. Hakuagizwa kuuchemsha. Tu Youyou akawaza kwamba huenda moto ndio ulioharibu dutu iliyotafutwa. Akaacha kuchemsha, akatumia etha, kiyeyushi kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi. Tarehe 4 Oktoba 1971 kiini namba 191, kilichopatikana kwa njia hiyo, kiliwaua vimelea wote katika panya waliojaribiwa, na baadaye katika nyani pia. Mwaka 1972 yeye na wenzake walikinywa kiini hicho wao wenyewe ili kuhakikisha usalama wake, ndipo kikajaribiwa kwa wagonjwa. Mwezi Novemba wa mwaka huohuo kikundi chake kilitenga dutu safi, ambayo leo huitwa artemisinini. Watafiti wa majimbo ya Yunnan na Shandong nao waliitenga dutu hiyo kwa juhudi zao wenyewe. Muundo wake ulibainishwa kwa ushirikiano na vyuo vingine, ukachapishwa mwaka 1977.

Makala hayo ya 1977 hayakutaja jina la mtafiti mmoja mmoja. Yalitolewa kwa jina la kundi la ushirikiano, kama ilivyokuwa desturi ya China wakati ule. Ndiyo maana mwaka 2011, Louis Miller na Xinzhuan Su wa Marekani walipochapisha uchunguzi wao kuhusu chimbuko la artemisinini, swali walilolishughulikia lilikuwa la vitenzi na watendaji wake: nani aliuleta qinghao katika mradi, nani alipata kiini chenye nguvu kamili, na nani aliongoza majaribio ya kwanza kwa binadamu. Uchunguzi huo ulimtaja Tu Youyou kuwa ndiye anayestahili sifa kubwa zaidi. Mwaka huohuo alitunukiwa Tuzo ya Lasker, na mwaka 2015 akatunukiwa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba. Nusu ya pili waligawana William Campbell na Satoshi Ōmura kwa kazi yao juu ya magonjwa yaletwayo na minyoo.

3. Vitenzi Vitatu

Je, Tu Youyou aligundua, alivumbua au alibuni? Katika mazungumzo ya kila siku vitenzi hivi huingiliana, na hapana ubaya. Katika wasifu wa kitaaluma, hata hivyo, tunaona inafaa vitofautishwe.

"Kugundua" ni kutambua jambo lililokuwapo ambalo halijatambuliwa. Hapa la muhimu ni yambwa ya kitenzi. Haifai kusema kwamba Tu Youyou aligundua mmea wa qinghao, kwani Wachina waliutumia karne nyingi kabla yake. Kosa hilo ni ndugu ya lile la vitabu vya historia vilivyotuambia kwamba Mzungu aligundua ziwa ambalo kandokando yake watu walikuwa wakivua samaki tangu zamani. Alichogundua ni uwezo wa kiini cha mmea huo, kilichotolewa bila ya joto kali, kuwaua vimelea vya malaria.

"Kuvumbua" twapendekeza kutumike kwa njia au chombo kipya kilicholetwa katika matumizi kwa mara ya kwanza. Kwa maana hii yafaa kusema kwamba Tu Youyou alivumbua njia ya kukitoa kiini cha qinghao kwa joto la chini.

"Kubuni" ni kukiunda kitu akilini kabla ya kukitengeneza kwa mikono. Mfano wake bora ni James Black wa Uskoti, mtaalamu wa famakolojia. Yeye hakuanza na mmea bali na wazo. Mwaka 1948 Raymond Ahlquist alikuwa amedai kwamba adrenalini hufanya kazi kupitia vipokezi vya aina mbili. Black akawaza kwamba dawa itakayoziba vipokezi vya aina moja ingeupunguzia moyo mzigo wake, na hivyo kumpa nafuu mgonjwa mwenye maumivu ya kifua yatokanayo na moyo kukosa oksijeni ya kutosha. Kutokana na wazo hilo ilipatikana propranololi mwaka 1964, na baadaye, kwa fikra ya namna hiyohiyo, simetidini ya vidonda vya tumbo. Mwaka 1988 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Gertrude Elion na George Hitchings. Kwa Black kitenzi "alibuni" kinafaa kabisa, mradi tuwataje pia wakemia waliozitengeneza dutu hizo pamoja naye.

Lakini tahadhari. Hadithi ya kubuni ni hadithi isiyotokea. Mtafiti aliyebuni dawa anastahili tuzo. Mtafiti aliyebuni matokeo anastahili kufukuzwa kazi. Kwa hiyo kitenzi hiki kisitumike kamwe pamoja na maneno "matokeo", "takwimu" au "ushahidi".

Pamoja na vitenzi hivi vitatu viko vingine vinyenyekevu zaidi: "kutenga", "kubainisha muundo", "kujaribu", "kuongoza". Wafasiri wengi huviona havina fahari. Ndivyo vyenye ukweli mwingi zaidi.

4. Athari, Mchango na Kurejelewa

Wasifu wa mtafiti humalizikia kwa kueleza kazi yake imeleta nini. Wengi hutumia neno "athari". Neno hili si kosa, lakini katika mambo ya dawa masikio ya Mswahili yameshazoea kulisikia upande wa ubaya: mgonjwa akiambiwa kwamba dawa ina athari, huirudisha kwa mfamasia. Kuandika "athari za Profesa Fulani katika tiba" ni kumtia msomaji wasiwasi bila ya sababu. Kwa sifa ya mtu tunapendekeza "mchango". Kwa yale yaliyofuata, "matokeo". Na kwa dawa mwilini, "utendaji".

Mchango nao una mipaka yake. Dawa mseto iliyoanza kutumika Tanzania Bara mwaka 2006 kama dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali ina artemeta na lumefantrini. Artemeta hutokana na artemisinini, lakini ilitengenezwa na watafiti wengine wa China. Hivyo kusema kwamba Tu Youyou alivumbua dawa mseto ni kuwadhulumu hao. Kusema kwamba kazi yake ndiyo iliyoiwezesha kupatikana ni haki. Jina "dawa mseto" lenyewe ni somo zuri kwetu: limechukuliwa jikoni, penye mchele na choroko katika chungu kimoja, na mgonjwa hulielewa bila ya mkalimani.

Siku hizi watafiti hupimwa pia kwa hesabu ya mara ambazo makala yao yametajwa na wengine. Wafasiri huita jambo hilo "kunukuliwa". Kunukuu ni kuyachukua maneno ya mtu kama yalivyo, ilhali kinachohesabiwa hapa ni kutajwa kwa kazi yake. Tunapendekeza "kurejelewa". Kadhalika ikumbukwe kwamba hesabu haimwoni asiyetajwa. Makala ya 1977 yangerejelewa hata mara elfu, jina la Tu Youyou lisingepata hata moja.

5. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaoandika wasifu wa watafiti wazingatie haya:

(i) Cheo kiandikwe kile alichonacho mtu, si kile tunachodhani anastahili.

(ii) Kila kitenzi cha sifa kiwe na yambwa iliyo wazi: aligundua nini, alivumbua nini, alibuni nini.

(iii) Kazi ya kikundi iitwe kazi ya kikundi, na aliyeongoza atajwe kuwa aliongoza.

(iv) Tuzo isemwe kuwa mtu "alitunukiwa", si "alishinda", kwani hapakuwa na mashindano. Na kama aligawana na wengine, isemwe hivyo.

Mapendekezo haya hayawahusu wageni peke yao. Katika vyuo vyetu wako watafiti wanaochunguza mitishamba ambayo waganga wetu waliijua zamani, na vimelea vya malaria vyenye usugu kiasi dhidi ya artemisinini vimekwisha thibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania. Siku kazi ya watafiti hao itakapozaa dawa, kutakuwa na mganga aliyeonyesha mmea, mkemia aliyetenga dutu, mtaalamu wa famakolojia aliyepima utendaji wake, na wagonjwa waliokubali kujaribiwa. Kiswahili kina kitenzi cha kila mmoja wao. Ni juu yetu tunaoandika kukitumia panapostahili.