Mwenzi wa Chumba Chuoni: Mambo Ambayo Sisi wa Kutwa Hatujafundishwa

Mwaka huu wanachama wa Chama cha Kiswahili wameniomba niandike jambo litakalowafaa wale wanaokaribia kumaliza shule, nami nimechagua kueleza habari za mwenzi wa chumba. Huyu ni yule mtu unayepangiwa, au unayemtafuta mwenyewe, mkae pamoja chumba kimoja mkiwa chuoni. Wanafunzi wa chuo wanamwita rumeti. Mimi nitamwita mwenzi wa chumba kwa sababu hili ni gazeti la Kiswahili, lakini ukifika huko ukasikia rumeti usishangae.

Kwa nini mwenzi wa chumba, na si mitihani au kazi? Ni kwa sababu sisi ni shule ya kutwa. Jioni kengele ikilia kila mtu anashika njia ya kwao. Nyumbani tunalala na ndugu zetu watatu au wanne chumba kimoja, basi tunadhani kukaa na watu tunakujua. La hasha! Ukimwaga maji ya kuoga ya ndugu yako atapiga kelele, mama ataingilia kati, na asubuhi mambo yamekwisha. Huko chuoni hakuna mama wa kuingilia kati. Wenzetu wa shule za bweni wamezoea tangu Kidato cha Kwanza: wanajua kufunga sanduku, kungoja zamu, na kuvumilia mtu anayekoroma. Sisi tutayakuta hayo tukiwa watu wazima, tena tukiwa na pesa za wazazi mkononi.

Hata hivyo kutwa si aibu. Chuo cha Makerere kule Uganda, ambacho leo ni chuo kikuu chenye jina kubwa, kilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Kilikuwa na wanafunzi 14, na wote walikuwa wa kutwa! Walisomea useremala, ujenzi na umakanika. Nilipomwambia hayo mwenzangu mmoja wa darasani alisema ati nimetunga. Sikutunga.

Sasa hapa kwetu vyuo vimekaribia. Chuo Kikuu cha Rongo kilianza 2011 chini ya Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2016 kikapewa hati ya kujitegemea. Homa Bay mjini kuna Chuo Kikuu cha Tom Mboya. Ukivuka kwenda Maseno, pale mstari wa Ikweta unapopita, kuna chuo kilichoanza kama tawi la Moi mwaka 1990 na kuwa chuo kikuu kamili 2001. Wengi wetu Mungu akijalia tutaenda huko, au katika vyuo vya ualimu kama vile Asumbi na Migori. Kule kwenye vyuo vikuu vitanda vya chuo havitoshi watu wote. Anayekosa kitanda anaenda kukodi chumba nje, kwenye ploti za watu, na kwa kuwa kodi ni nzito kwa mtu mmoja, anatafuta mwenzi.

Jambo hili si la Kenya peke yake. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafunzi wana neno zuri, kubebana. Mwenye kitanda anambeba asiye nacho, wanalala wawili mahali pa mmoja. Mwaka 2017 chuo hicho kilifunguliwa mabweni mapya 20 yenye nafasi za wanafunzi 3,840, lakini neno kubebana halijasahauliwa. Kwetu Kenya yule anayebebwa anaitwa paireti, yaani haramia! Mimi naona Watanzania wametushinda hapo kwa lugha na kwa utu pia. Mtu hana pa kulala halafu unamwita haramia?

Aidha, ni vizuri kujua kwa nini wanafunzi wa Kenya wanapikiana vyumbani. Zamani serikali iliwalisha wanafunzi wa vyuo vikuu bure. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jambo hilo lilikoma, kila mtu akaanza kununua sahani yake. Wakati huohuo, mwaka 1990, darasa la kwanza la 8-4-4 liliingia vyuo vikuu na vyumba vikafurika. Mwaka 1995 ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo kila mtu anaiita HELB. Basi mwanafunzi ambaye HELB yake haijaingia na pesa ya nyumbani imekwisha, afanye nini? Anaangalia kama mwenzi wake amebakisha unga. Kukaa wawili ndiko kunakomweka chuoni.

Wacha sasa nieleze jinsi mambo yanavyokwenda, na mfano wangu ni dada yangu mkubwa, ambaye yuko mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Nyanza. Sitakitaja.

Mwenzi wake wa kwanza alikuwa rafiki yake wa tangu shule ya msingi. Walikuwa chanda na pete. Wakakodi chumba cha shilingi 3,000 kwa mwezi, kila mmoja atoe 1,500. Kwa kuwa walikuwa marafiki waliona haya kuulizana habari za pesa. Dada alikuwa akimpa mwenzake sehemu yake, mwenzake ndiye apeleke kwa mwenye ploti. Mwezi wa kwanza ilikwenda vizuri. Mwezi wa pili na wa tatu hazikufika, na kila akiulizwa alisema, "Tulia, HELB ikiingia nitamaliza yote." Siku moja dada anarudi jioni anakuta kufuli ya mwenye ploti imefungwa juu ya kufuli yao. Ndani kuna daftari zake zote, na mtihani unaanza baada ya siku tatu. Rafiki ameshaenda kwao, simu haishiki.

Alipopiga simu nyumbani baba hakusema kitu kwa muda. Kesho yake akauza mbuzi hapa soko la Ogwedhi, yule mbuzi aliyetengwa kwa pesa zangu za chakula cha mchana shuleni. Pesa zikaenda kwa M-Pesa, mlango ukafunguliwa, dada akafanya mtihani. Mimi nilikaa nyumbani wiki mbili. Sijali, lakini ndiyo maana ninaandika makala haya. Shilingi 1,500 zisizozungumzwa zinaweza kumfikia mtoto aliye mbali kabisa ambaye hata chumba hicho hajakiona.

Kwa hivyo urafiki ni kitu kimoja na kukaa chumba kimoja ni kitu kingine. Rafiki mnayecheka naye njiani huenda hajui kuosha sufuria. Unaweza kukaa vizuri sana na mtu usiyemjua, bora maneno yasemwe mapema.

Mwenzi wa pili ndiye huyo. Msichana huyu anatoka Kilifi, na dada hakuwa amemwona hata siku moja kabla ya kukutana mbele ya ofisi wakitafuta chumba. Usiku wa kwanza, kabla hata ya kutandika, walinunua daftari la kurasa 48 wakaandika. Kodi kila mtu apeleke yake mwenyewe na achukue risiti yake mwenyewe. Tokeni za stima wanunue kwa zamu. Taa kubwa izimwe saa tano, anayetaka kuendelea kusoma atumie taa ndogo na ageukie ukuta. Mgeni asilale bila mwingine kujua siku moja kabla. Nilipoliona daftari hilo nilicheka, nikamwambia dada wanakaa kama Bunge. Akaniambia, "Cheka tu. Tangu tuliandike hatujalifungua mara tatu." Yaani kuliandika ndiko kulikofanya kazi, kwa sababu kila mmoja alijua mwenzake anachukia nini kabla hajaudhika. Kwa mfano, dada hakujua kuwa kuna mtu anayechukia kikombe kuwekwa juu ya kitabu. Huyo wa Kilifi anachukia kuliko wizi!

Raha zao sasa. Nyingi ni za jikoni, na jiko lenyewe ni mtungi mdogo wa gesi pembeni mwa mlango. Mara ya kwanza dada alipotoa omena za nyumbani mwenzake alifungua dirisha. Kufika mwisho wa semesta yeye ndiye aliyekuwa akiuliza omena zimebaki ngapi. Siku nyingine dada alinunua osuga sokoni, ile mboga chungu tunayoijua sote. Mwenzake akasema, "Mbona hii ni mnavu!" Kumbe ndiyo hiyohiyo, majirani zetu Wakisii wanaiita rinagu. Dada akasema sisi tunaitia maziwa ili uchungu upungue. Mwenzake akasema kwao wanaitia tui la nazi. Wakabishana jioni nzima kipi kinafaa zaidi, hadi wakapika sufuria mbili, moja ya maziwa na moja ya nazi iliyotoka Kilifi kwa basi. Nani alishinda? Dada hataki kusema, nami najua maana yake.

Kiswahili cha dada pia kimebadilika. Alikuwa akisema "kitu yangu" kama sisi sote hapa sokoni, ambapo Mjaluo, Mmaasai na Mkuria wakikutana kila mtu anakivuta Kiswahili upande wake mradi ng'ombe auzwe. Mwenzake hakumcheka. Alikuwa anajibu tu, "Ndiyo, kitu chako," basi. Leo dada akija nyumbani anatusahihisha sisi, na baba anasema tumeletewa mwalimu ambaye hatukumwajiri.

Kuna jambo moja katika lile daftari ambalo si la kuchekesha, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Usiku ule wa kwanza msichana wa Kilifi alimwambia dada kwamba ana ugonjwa wa selimundu. Wengi wetu tunaujua kwa sababu upo sana huku kwetu kando ya Ziwa. Hauambukizi hata mkilala kitanda kimoja; mtu anazaliwa nao akirithi chembe za ugonjwa huo kutoka kwa baba na mama, wote wawili. Seli nyekundu za damu zinapinda kama mundu, zinaziba mishipa midogo, na mwili unauma vibaya sana. Baridi, kiu, uchovu au malaria vinaweza kuyaamsha maumivu hayo. Mwalimu wa Biolojia alitueleza kwamba aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui, tena ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu ugonjwa huu unapatikana zaidi mahali palipokuwa na mbu wengi tangu zamani, kama Ziwani na Pwani. Kwa hiyo hao wasichana wawili, pamoja na mnavu, walikutanishwa na mbu.

Basi dada aliambiwa dalili ni zipi, vidonge viko kwenye kopo gani, nambari ya simu ya mama yake ni ipi, na kwamba akisema "imeanza" asiambiwe angoje kupambazuke. Mwaka jana mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, na saa nane usiku mwenzake akasema, "Imeanza." Dada hakuuliza neno. Alimfunika blanketi mbili, akampa maji, akampigia simu mtu wa boda wanayemjua, wakaenda hospitali watatu juu ya pikipiki moja. Daktari alisema wamefanya vyema kutongoja. Alilazwa siku nne, na dada alikuwa akimpelekea uji na kumwandikia maelezo ya darasani kwa kaboni.

Ninajua wengine wetu tunaficha. Mwenye pumu anaficha, mwenye kifafa anaficha, ati watu watamcheka au watakataa kukaa naye. Hapo sasa nakuuliza, ni nani atakayekuwa karibu nawe saa nane usiku ukiwa chuoni? Baba na mama wako Ogwedhi. Mwalimu mlezi amelala kwake. Aliye umbali wa hatua mbili ni huyohuyo unayemficha. Akikataa kukaa nawe kwa sababu hiyo, heri akatae siku ya kwanza kuliko kukutoroka usiku.

Mwisho kuna mambo ya kuagana, ambayo watu wengi husahau hadi wagombane. Mnapokaa pamoja mnanunua vitu, na siku ya kuachana sufuria haikatwi katikati. Dada na mwenzake waliamua tangu mwanzo kutochanga pesa kununua kitu kimoja. Huyu anunue hiki, yule anunue kile chenye bei inayokaribiana, na kila kitu kiwe na mwenyewe ingawa wote wanakitumia. Mtungi wa gesi ni wa mwenzake. Meza, pazia na sufuria mbili ni za dada. Ndoo ndiyo imeleta shida, maana hakuna anayekumbuka nani aliinunua, na wameiandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari pamoja na alama ya kuuliza.