'Sikuwa mimi': Nafsi inapogawanyika, nani hutenda?

Mara nyingi tunamsikia mtu aliyetenda jambo la ajabu akijitetea: "Jameni, sikuwa mimi!" Je, kama hakuwa yeye, alikuwa nani?

Swali hili ndilo kiini cha dhana ya mtengano wa nafsi katika saikolojia. Mfaransa Pierre Janet aliijadili katika kitabu chake cha mwaka wa 1889. Kwa mujibu wa Janet, akili timamu huunganisha hisia, kumbukumbu na vitendo vikawa kitu kimoja. Mtu akipatwa na mshtuko mkubwa, kumbukumbu fulani huweza kujitenga na kuishi kivyake, nje ya ufahamu wa mwenyewe.

Chukua mfano wa mgonjwa wake, Irène, aliyemuuguza mamake hadi akafariki. Baadaye, Irène alijua habari za kifo hicho kwa kuambiwa tu. Hata hivyo, mara kwa mara aliliigiza tukio zima la usiku ule kando ya kitanda kitupu, kisha akazinduka bila kujua alichofanya. Kumbukumbu ilikuwepo, ila haikuwa yake.

Carl Jung wa Uswisi, aliyewahi kuhudhuria mihadhara ya Janet jijini Paris, alilipanua wazo hili. Kwake, mtengano si wa wagonjwa pekee. Kila mmoja wetu ana mikusanyiko ya hisia na kumbukumbu iliyojitenga, ambayo ikiguswa humtawala kwa muda. Waswahili wanakaribia wazo hilo wanaposema mtu ana fundo moyoni.

Hapa ndipo wanafunzi na wahakiki wengi wanapokoroga mambo. Katika nadharia ya Jung, 'mimi' si sawa na 'nafsi'. Mimi ni kitovu cha ufahamu. Nafsi ni mtu mzima, pamoja na yale asiyoyajua kujihusu. Mhusika anapotenda asilolielewa, tusikimbilie kuandika kuwa amepoteza nafsi. Kilichopokonywa usukani ni mimi.

Basi "sikuwa mimi" inaweza kuwa kauli ya kweli, lakini haimwondolei msemaji mzigo. Aliyetenda bado ni sehemu ya nafsi yake. Janet hakumfutia Irène kumbukumbu ile. Alimsaidia hadi akaweza kuisimulia kwa maneno yake mwenyewe, safari hii akilia. Hapo ndipo msiba ukawa wake.