Mrututu si dawa ya mikono ya mbanguaji korosho

KWA mbanguaji korosho wa Masasi au Newala, mikono ndiyo mtaji. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na siku ya vidonda ni siku isiyo na kipato. Wapo wanaokimbilia mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba iliyotumika kwa vidonda tangu zamani.

Kweli, shaba ina kazi katika kupona. Mwili huihitaji ili kukaza nyuzi za kolajeni zinazoziba jeraha. Mwaka 1973 Mmarekani Loren Pickart alitenga katika damu ya binadamu peptidi ndogo ambayo hubeba shaba. Kwa wanyama wa maabara imeharakisha kupona. Kwa binadamu ushahidi bado ni mdogo, ingawa krimu zake zinauzwa ghali.

Mrututu ni kitu kingine kabisa. Ni ndugu wa dawa za ukungu tunazopulizia mimea, nao huchoma nyama changa inayoota.

Hesabu ni rahisi. Kabla ya kubangua, paka mikono mafuta ya kula na uvae glavu. Ukimaliza, nawa kwa sabuni. Kidonda chenye usaha kipelekwe zahanati.