Kwa nini paka wako huchomwa sindano mbili

Kila wiki huulizwa swali hili na wanaoniletea paka kufungwa uzazi hapa Mombasa: "Daktari, ikiwa ya nusukaputi ndiyo inayomlaza, hii nyingine ni ya nini?" Wengine huomba ya kwanza iondolewe ili bei ishuke. Hukataa.

Sindano ya kwanza ni ya kutuliza. Paka aliyeletwa kutoka Majengo ndani ya kikapu juu ya bodaboda hufika moyo ukimwenda mbio. Kumlaza akiwa na kiwewe hicho kwahitaji nusukaputi nyingi, na nusukaputi ikizidi hushusha shinikizo la damu na kudhoofisha pumzi. Akitulizwa kwanza kwa medetomidini, propofoli ya kumlaza hupungua sana, wakati mwingine kwa nusu. Kwa ketamini faida ni nyingine: ikitumiwa peke yake hukakamaza misuli, na paka huweza kuzinduka akipaparika.

Si kwamba dawa ya kutuliza haina makali yake. Medetomidini hupunguza mapigo ya moyo, ndiyo sababu husikiliza moyo kabla ya kuchoma chochote, na mwenye ugonjwa wa moyo humtafutia njia nyingine. Tena hutapisha. Ukimwona akitapika dakika chache baadaye, hajalishwa sumu. Ila matapishi yakiingia mapafuni ni hatari, na hapo ndipo kile kipande cha samaki anachopewa asubuhi kwa huruma hugeuka balaa.

Kinachowashinda wengi ni kusubiri. Dawa hutaka kama dakika 15 hadi 20 mahali penye kiza na kimya. Kikapu kikifunuliwa kila mara, watoto wakimwita na kumshikashika, hofu huishinda dawa na paka huonekana kama hakuchomwa. Mwenyewe huanza kunisihi niongeze. Kuongeza juu ya dawa ambayo bado haijakolea ndiko kunakotia maisha yake hatarini.

Basi siku ya miadi funika kikapu kwa leso, maji mwachie, chakula mnyime tangu usiku. Kama ni kitoto cha miezi miwili au mitatu, niulize kwanza: hao wakikaa na njaa kutwa sukari mwilini huwashuka.