Kivinjari Kikigoma, Usikubali Kifutwe

Akina mama wengi siku hizi hutunza mambo ya nyumba kwenye kompyuta: ankara za maji, karo za watoto, hesabu za kikundi cha kanisa. Mlango wa kuyafikia ni kivinjari, na humo ndimo maneno ya siri yalimohifadhiwa. Sasa kikiingiza toleo jipya, kesho yake kisifungue ukurasa hata mmoja, kijana wa jirani atasema, “Mama, tufute kila kitu tuanze upya.” Mzuie kwanza.

Mara nyingi kasoro imo katika programu ndogo za nyongeza zilizopachikwa humo. Novemba 2017, toleo la 57 la Firefox lilipotoka, nyongeza nyingi za zamani zilikoma kufanya kazi, kwa kuwa zilitengenezwa kwa utaratibu ulioachwa.

Zima kompyuta uiwashe tena. (Wataalamu hucheka, lakini husaidia.) Ikishindikana, kwenye Windows bonyeza kitufe cha Shift bila kukiachia huku ukifungua Firefox. Itakuuliza kama ungependa ifunguke nyongeza zikiwa zimezimwa, kubali. Kurasa zikionekana, basi rudi kama kawaida, zima nyongeza moja moja mpaka umpate mkorofi.

Bado? Katika menyu ya msaada ipo njia ya kuirudisha Firefox katika hali ya awali. Nyongeza zitaondoka, ila maneno ya siri na anwani ulizohifadhi hubaki. Hata hivyo, kabla ya kubonyeza, nakili yale ya kikundi kwenye daftari. Fedha zile si zako peke yako.