Mwendo Kabla ya Programu: Misingi ya Kujifunza Uhuishaji wa Wavuti Jijini Dar es Salaam

Uhuishaji ni sanaa ya kuifanya michoro ionekane kuwa inajongea. Jijini Dar es Salaam sanaa hii si ngeni: kipindi cha katuni cha Ubongo Kids, kilichobuniwa jijini humo, kilianza kurushwa na TBC1 Januari 2014. Hata hivyo, uhuishaji wa wavuti una masharti yake. Mtumiaji hupakua kila faili kwa kifurushi cha data alichokilipia, na mara nyingi kivinjari cha simu yake ndicho kinachochora fremu moja baada ya nyingine. Makala haya yanafafanua kwa nini mwanafunzi anapaswa kujifunza kanuni za mwendo kabla ya kuizoea programu yoyote. Suala hili linavigusa vyuo kama Chuo cha TEHAMA cha VETA kilichopo Kipawa, Wilaya ya Ilala.

Historia inaiunga mkono hoja hii. Kwa miaka mingi uhuishaji wa wavuti ulitegemea Flash. Tarehe 31 Desemba 2020 kampuni ya Adobe ilisitisha huduma hiyo, na kuanzia 12 Januari 2021 maudhui yake yakazuiwa kuchezwa. Aliyejifunza vitufe vya programu peke yake alibaki mikono mitupu. Aliyeelewa dhana ya fremu kuu, yaani hatua zinazoainisha mwanzo na mwisho wa tendo, aliikuta dhana hiyohiyo katika CSS.

Tuchukue mfano wa daladala inayoondoka kituoni. Mwanafunzi huchora bodi mara moja na gurudumu mara moja, kisha huvipa mwendo tofauti. Gurudumu lenye kipenyo cha pikseli 42 lina mzingo wa pikseli 132 hivi. Kwa hiyo, daladala ikisogea pikseli 264, gurudumu halina budi kuzunguka mara mbili. Likizunguka pungufu, gari litaonekana kuteleza. Aidha, daladala haiondoki kwa kasi ileile tangu mwanzo, bali huanza taratibu kisha hukolea. Badiliko hilo la kasi lazima liwe sawa kwa bodi na kwa gurudumu. Vilevile, kitovu cha mzunguko kinapaswa kubainishwa. Katika SVG, kisipobainishwa, mzunguko hufuata pembe ya juu kushoto ya eneo la mchoro, na gurudumu huchomoka mahali pake. Hesabu hizi hazibadiliki programu inapobadilika.

Jambo la pili ni uzito wa faili. Uhuishaji wa sekunde 3 wenye fremu 24 kwa sekunde una fremu 72. Katika GIF, kila fremu hubeba taarifa za pikseli zilizobadilika. Katika SVG, duara huelezwa kwa tarakimu tatu tu: mbili za kitovu na moja ya nusu kipenyo, mwendo wake huongezwa kwa mistari michache ya maelekezo. Kwa michoro sahili, tofauti hiyo hupunguza gharama kwa mtumiaji. Kwa picha zenye vivuli na maelezo mengi, manufaa hayo hupungua, na video iliyobanwa huweza kufaa zaidi. Uamuzi huu ni sehemu ya usanifu wenyewe.

Jambo la tatu ni usalama wa mtazamaji. Miongozo ya WCAG inataka maudhui yasimemeteke zaidi ya mara tatu kwa sekunde, kwa kuwa mmemeteko huweza kuchochea kifafa. Inataka pia mwendo unaojianzisha na kudumu zaidi ya sekunde tano sambamba na maudhui mengine uweze kusimamishwa.

Kwa kuhitimisha, upimaji unaotazama uzuri wa kazi iliyokamilika pekee hauwezi kutofautisha ustadi wa mwanafunzi na uwezo wa programu. Inapendekezwa kwamba mwanafunzi awasilishe pia michoro ya fremu kuu kwenye karatasi, hesabu za mwendo, ukubwa wa faili na sababu za kuchagua umbo lake. Kwa njia hiyo, programu ikiondolewa sokoni kama ilivyoondolewa Flash, mhitimu atabaki na ujuzi wake.