Mlango wa Mgeni Ufunguke kwa Ndani

Kila ufikapo mwezi wa Desemba, Upare hujaa watu. Wana wa nchi walio Dar es Salaam, Tanga, Arusha na kwingineko hupanda mabasi kurudi kula Krismasi na wazee wao. Pamoja nao huja wageni wasio na jamaa huko: wapanda milima waendao kilele cha Shengena katika msitu wa Chome, watazamaji wa wanyama waingiao Mkomazi kwa lango la Zange, karibu na mji wa Same, na madereva waliochoshwa na barabara kuu ya Arusha. Wote hao wanahitaji pa kulala. Mjini Same zipo nyumba za wageni. Na huko juu milimani, Mbaga na Usangi, wako watu wanaokodisha vyumba kwa siku chache. Biashara hiyo ni njema, nasi twaisifu, maana sehemu ya fedha yake hubaki kijijini.

Walakini lipo jambo moja katika baadhi ya nyumba hizo ambalo halituridhishi hata kidogo, nalo ni mlango.

Hebu na tutazame jinsi mgeni anavyofungiwa. Chumba kina kitasa kisichofunguka, kwa nje wala kwa ndani, ila kwa ufunguo. Mgeni hujifungia, huuchomoa ufunguo kwa kumwogopa mwizi, huuweka chini ya mto au katika mfuko wa suruali, kisha hulala. Dirisha lina nondo zilizochomelewa moja kwa moja, hazina bawaba. Huko ukumbini upo mlango wa pili, wa chuma, na usiku ukiwa mkubwa mhudumu huutia kufuli kwa nje akaenda kulala kwake, ufunguo akiwa nao yeye. Basi kati ya mgeni na hewa ya nje vimesimama vikwazo vitatu, na katika hivyo ni kimoja tu ambacho dawa yake iko mikononi mwake, tena akikumbuka gizani alikoiweka. Umeme ukikatika, mshumaa ukaangukia chandarua, mtu huyo atapita wapi?

Mwenyeji wa nyumba huijua nyumba yake hata akiwa amefumba macho. Mgeni amefika saa mbili za usiku, amechoka, ameoneshwa kitanda na choo, basi. Hajui kama mlango huvutwa au husukumwa, wala hajui kama ukumbi una njia ya nyuma.

Tena si moto peke yake. Miezi ya Juni na Julai baridi ya milimani hupenya mifupa, na wako watu waingizao jiko la mkaa chumbani, wakafunga madirisha. Mkaa ule hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huanza kuumwa kichwa, akalegea, na fahamu zikampungua. Aliye katika hali hiyo akiinuka apapase tundu la ufunguo gizani, yamkini asilipate. Lakini komeo la kuzungusha kwa vidole angeweza kulifungua.

Mkoa wa Kilimanjaro hauhitaji kufundishwa maana ya moto wa usiku. Mwezi wa Juni 1994, katika shule ya Shauritanga wilayani Rombo, wasichana zaidi ya 40 waliteketea bwenini. Kwa majirani zetu wa Kenya, mwezi wa Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Hizo zilikuwa shule. Lakini moto ule ule uliwafikia pia wasafiri waliolala katika nyumba ya kupanga, huko Childers, mji mdogo wa wakulima katika jimbo la Queensland, Australia. Usiku wa Juni 2000 wageni 15, wengi wao vijana waliokuja kuchuma matunda na mboga, walikufa humo. Aliyeuwasha moto alipatikana na hatia. Lakini uchunguzi ulionyesha pia kwamba katika chumba kimoja vitanda vilikuwa vimeuziba mlango, na dirisha lilikuwa na nondo. Baada ya hapo serikali ya jimbo hilo ilizitungia sharti kali nyumba za namna hiyo.

Wenye nyumba watatujibu: je, mnataka wezi waingie? Swali hilo ni la haki, kwa maana wizi upo, na mgeni aliyeibiwa harudi tena. Lakini mwizi yuko nje na mgeni yuko ndani, na kitasa chaweza kuwatofautisha. Vipo vitasa ambavyo kwa nje vyataka ufunguo, na kwa ndani vina kishikio cha kuzungusha tu. Mlango mkubwa nao waweza kufungwa kwa komeo la ndani, na mlinzi akalala papo hapo. Na ajabu ni kwamba wenye hofu kubwa ya wezi ndio aghalabu wanunuao vitasa vya bei ya chini kabisa, ambavyo ufunguo wa chumba namba 3 hufungua na namba 7! Mwanamke asafiriye peke yake na alale vipi kwa amani? Na ufunguo aliouchukua mgeni wa mwaka jana uko wapi leo?

Kuhusu nondo, twasema hivi. Upare ni nchi ya wahunzi tangu kale. Ukoo wa Washana ulijulikana kwa kufua chuma, ukaitawala Ugweno kabla ya kupinduliwa na Wasuya, na Wachaga walikuwa wakipata chuma kutoka Upare. Nchi kama hiyo haiwezi kushindwa kutengeneza dirisha la nondo lenye bawaba mbili na komeo la ndani ambalo mkono wa mwizi haulifikii. Fundi yeyote wa kuchomelea mjini Same ataifanya kazi hiyo kwa siku moja akiagizwa.

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kwa sheria ya mwaka 2007, lina mamlaka ya kukagua majengo. Twaliomba lisiishie kutazama mitungi ya kuzimia moto iliyotundikwa ukutani. Mkaguzi na aingie chumbani, ajifungie, azime taa, kisha ajaribu kutoka. Kwa nyumba za milimani jambo hili ni zito zaidi, kwani gari la zimamoto likitoka bondeni kupanda zile kona za Mbaga, litakuta majivu. Huko mwokozi wa kwanza ni mlango wenyewe.

Na nyumba zile zilizofungwa tangu Krismasi iliyopita, vitasa vyake vimeshika kutu na mbao zimevimba kwa mvua. Wenye nyumba wazifungue sasa, watie mafuta, wapige randa, na kila chumba kijaribiwe kwa ndani kabla basi la kwanza halijashusha abiria.